Upasuaji kwanza, brasi baadaye: Taya litakaa au litarudi?

Umeiona hiyo video. Labda ilikupata usiku ukiwa kitandani, bando likikaribia kuisha. Kijana wa Seoul au Taipei. Picha ya kwanza, taya la chini limetangulia mbele kama droo iliyosahaulika wazi. Picha ya pili, uso umenyooka. Lakini ukitazama vizuri unagundua kitu cha ajabu: kwenye hiyo picha ya pili meno bado yamekaa ovyo. Amepasuliwa taya kwanza, brasi ndiyo zinaanza.

Kama wewe pia taya lako limekusumbua tangu shule ya msingi, na unakaa Kawangware, maswali yanakuja yenyewe. Kumbe inawezekana? Na taya likisogezwa kabla ya meno kupangwa, litabaki pale lilipowekwa, ama baada ya mwaka litarudi lilikotoka na pesa zako zote?

Jibu fupi: mara nyingi hukaa, mradi mgonjwa amechaguliwa vizuri na kliniki za baadaye hazikatizwi. Jibu refu ndilo lenye kazi, kwa sababu nusu yake hutokea nje ya chumba cha upasuaji, kwenye kalenda yako na mfuko wako.

Meno ni kitu kimoja, taya ni kingine

Tuanzie hapa maana mtaani haya mambo huchanganywa sana. Brasi husogeza meno. Kama meno yako yamebanana, yamejipinda au yana mianya, brasi zinatosha. Lakini kama mfupa wenyewe ni mrefu kupita kiasi, au mfupi, au umeenda upande, hakuna waya utakaousogeza ukishakuwa mtu mzima. Na hapana, ile mewing ya TikTok, ya kubandika ulimi juu ya kinywa kutwa nzima, haitasogeza mfupa uliokomaa.

Shida ya taya huja kwa sura tatu hivi. Kuna wale ambao taya la chini limetangulia, meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Kuna wale ambao taya la chini limebaki nyuma, kidevu kinaonekana kama kinajificha shingoni. Halafu kuna wale ambao wakifunga mdomo magego yanagusana lakini mbele panabaki mwanya. Mpe huyo chapati uone: ataikata kwa mkono au kuing'ata kwa pembeni. Wengine wana mchanganyiko.

Usidhani wanaohitaji kisu ni wengi. Mwaka 1996, watafiti wakiongozwa na P. M. Ng'ang'a walichapisha matokeo ya kuwakagua watoto 919 wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15. Asilimia 72 walikuwa na kasoro fulani katika namna meno yao yalivyopangika au kukutana. Inashtua, lakini kasoro zilizoongoza zilikuwa meno kubanana na kujipinda, mambo ambayo brasi zinayamaliza au ambayo mtu anaweza kuishi nayo tu. Mwanya wa mbele, ambao wakati mwingine chanzo chake ni taya lenyewe, ulipatikana kwa asilimia 8.

Kwa hivyo kabla ya kuota upasuaji, jua uko kundi gani. Selfie haitakuambia. Itakayokuambia ni eksirei ya kichwa inayopigwa kwa upande, ambayo daktari huitumia kupima pembe na urefu wa mifupa.

Na kwa wachache walio kwenye kundi la mifupa, tusiwacheke tukisema wanatafuta urembo. Mahindi choma kwao ni vita. Herufi kama "s" na "f" zinateleza. Kuna msee mtaani amekuwa akifunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka tangu darasa la tatu, siku alipopewa jina la utani ambalo halijamtoka hadi leo. Hilo si jambo dogo.

Njia ya kawaida: uso unaharibika kwanza

Mwili una tabia ya kujisitiri. Taya la chini likitangulia, meno ya chini huinama kuelekea ndani na ya juu huinama kuelekea nje, ilimradi yakutane. Ni kama nyumba mbili za mabati zilizojengwa kwenye msingi uliopinda, kila moja imeegemea upande wa mwenzake ili zisianguke. Daktari akinyoosha msingi bila kugusa nyumba, kuta hazitakutana.

Ndiyo maana kwa miongo mingi utaratibu umekuwa huu: unavaa brasi kwanza, mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, wengine hata miwili, ili meno yasimamishwe wima kwenye mifupa yake. Kisha upasuaji. Kisha brasi tena, miezi sita hadi mwaka, kumalizia. Jumla inaweza kufika miaka miwili au mitatu.

Sasa sikia noma yake. Meno yakishasimamishwa wima, ule usitiri wote unaondoka. Aliyekuwa na taya lililotangulia kidogo sasa linaonekana limetangulia zaidi. Kutafuna kunakuwa kugumu kuliko awali. Na hivyo ndivyo utakavyokwenda kwenye usaili wa kazi, kwenye harusi ya binamu yako, kila mahali, kwa mwaka mzima au zaidi, ukingoja siku ya upasuaji. Wengine huchoka hapo katikati.

Upasuaji wenyewe si jambo la juzi. Mwaka 1849, Simon Hullihen, daktari aliyefanya kazi Virginia, Marekani, alilikata na kulirekebisha taya la chini la mwanamke kijana ambaye makovu ya moto yalikuwa yamelivuta likaharibika. Halafu mwaka 1957, Richard Trauner na Hugo Obwegeser walieleza mbinu ambayo bado ni tegemeo la madaktari leo: kulipasua taya la chini pande zote mbili kwa ndani ya mdomo, kama fundi anavyopasua ubao kwa unene wake. Vipande viwili vinateleza kimoja kando ya kingine, kwenda mbele au nyuma, na bado vinagusana kwa eneo kubwa ili vishikane. Siku hizi hufungwa kwa vibati vidogo na skrubu za titani. Kwa sababu kazi hufanyika ndani ya mdomo, kwa kawaida uso haubaki na kovu la kuonekana.

Waliogeuza mpangilio

Mwaka 2009, madaktari wa Sendai, Japani, wakiwemo Nagasaka na Sugawara, walichapisha kisa cha mgonjwa wa taya lililotangulia ambaye hawakumvisha brasi mwaka mzima kwanza. Walimpasua, ndipo wakapanga meno, wakitumia vibati vilivyopachikwa kwenye mfupa kama nanga za kuvutia meno. Madaktari wa Korea Kusini na Taiwan wakaidaka njia hiyo na kuiendeleza.

Inawezekanaje? Ufundi wote uko kwenye hesabu ya mapema. Daktari hutengeneza mfano wa meno yako, siku hizi kwenye kompyuta, kisha anayapanga mahali yatakapokuja kufika baada ya brasi. Akishajua meno ya mwisho yatakuwa wapi, ndipo anapoamua mifupa iende wapi. Ni kama mzazi anayemnunulia mtoto sare kubwa mwezi wa Januari: leo haimkai, imekatwa kwa mwili wa mwisho wa mwaka.

Ukiamka baada ya upasuaji, uso tayari umebadilika. Lakini ukifunga mdomo, meno hayakutani vizuri. Pengine yanagusana sehemu mbili tatu tu. Hapo brasi zinaanza kazi.

Na hapo mwili unatoa zawadi. Mwaka 1983 mtafiti wa mifupa wa Marekani, Harold Frost, alieleza kwamba mfupa ukijeruhiwa, eneo lote la karibu huchangamka. Seli zinazobomoa mfupa na zile zinazoujenga hufanya kazi kwa kasi kuliko kawaida. Mwaka 2011, madaktari wa Taiwan waliwapima wagonjwa waliopasuliwa taya kwanza, wakaona dalili za kasi hiyo kwenye damu na kwenye kulegea kwa meno kwa miezi mitatu hadi minne ya mwanzo. Meno yanayosogezwa katika msimu huo husogea haraka. Ndiyo sababu kazi yote huweza kuisha kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu badala ya miwili au mitatu.

Uso mapema, muda mfupi. Nani angekataa? Subiri kwanza.

Sasa, litakaa?

Taya lililosogezwa lina sababu kadhaa za kutaka kurudi. Ya kwanza ni misuli na ulimi. Hivyo havijasoma ripoti ya daktari. Vimezoea miaka 20 ya taya kukaa mbele, na vitaendelea kusukuma na kuvuta vilivyozoea. Ya pili ni kiungo cha taya, kile unachokihisi kikicheza mbele ya sikio ukifungua mdomo. Kikiwekwa vibaya kidogo tu ukiwa umelala kwa nusukaputi, kitajirudisha ukiamka, na taya litakifuata.

Ya tatu ndiyo inayoigusa zaidi njia ya kuanza na upasuaji. Meno yako yakikutana vizuri, yanafungamana kama vidole vya mikono miwili, na kila unapofunga mdomo yanalikumbusha taya mahali pake. Aliyevaa brasi kwanza hutoka chumba cha upasuaji akiwa na huo ushikamano. Aliyepasuliwa kwanza hana. Jino moja linaweza kugusa kabla ya mengine na kuliacha taya wazi kidogo. Brasi zikishalisawazisha jino hilo, taya hufunga zaidi, na likifunga, kidevu huzunguka kwenda juu na mbele. Kama shida yako ilikuwa taya kutangulia, huko mbele ndiko ulikokuwa unakukimbia.

Sehemu ya mzunguko huo hujulikana mapema. Daktari aliyeizoea njia hii anaweza kulirudisha taya nyuma kidogo zaidi ya panapotakiwa, akijua litasogea mpaka lifike. Lakini hiyo ni hesabu ya makadirio, na makadirio yanategemea uzoefu.

Aina ya msogeo nayo ina uzito. William Proffit na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, katika kazi walizochapisha 1996 na 2007, walipanga misogeo ya taya kwa foleni, kuanzia inayokaa hadi inayorudi. Kupandisha taya la juu huongoza kwa kutulia. Kupeleka taya la chini mbele pia hukaa vizuri. Mkiani kuna kurudisha taya la chini nyuma peke yake, kuteremsha taya la juu, na kulipanua. Hiyo ni hata kwa waliovaa brasi kwanza. Kwa kipimo chao, badiliko la chini ya milimita 2 ni dogo na kwa kawaida mgonjwa haliathiri.

Na waliolinganisha njia hizi mbili wanasemaje? Hawasemi kitu kimoja. Baadhi ya wachambuzi waliokusanya tafiti nyingi pamoja wamekuta kwamba uthabiti unakaribiana. Wengine, katika uchambuzi uliotoka 2018, walihitimisha kwamba waliopasuliwa kwanza huenda wakapata uthabiti hafifu kuliko wa njia ya kawaida. Tofauti inayozungumzwa ni ya milimita, na sehemu kubwa ya kusogea hutokea katika mwaka wa kwanza. Jua pia kwamba tafiti nyingi za aina hii zilitazama wagonjwa wachache, kwa kurudia mafaili ya zamani, na wengi wao ni wa Asia Mashariki.

Kwa hivyo ukisikia mtu akikuapia kwamba halirudi kamwe, mtilie shaka. Na ukisikia mwingine akisema kwamba lazima lirudi, naye amezidisha.

Halafu njia hii haimfai kila mtu. Kama meno yako yamebanana vibaya, kama upana wa taya la juu na la chini haulingani kabisa, kama fizi zinaugua, kama kiungo cha taya kinauma au kinakwama, daktari makini atakuambia uanze na brasi. Na kama bado unakua, utaambiwa ungoje, hasa ikiwa taya la chini ndilo limetangulia. Kwa wavulana taya hilo linaweza kuendelea kukua hadi mwishoni mwa miaka ya ujana. Ukilikata likiwa bado linakua, litaendelea na safari yake.

Hesabu ya mtaani

Sasa tulete mambo nyumbani. Tuseme una miaka 22, unakaa Gatina, unafanya kazi ya mjengo Lavington au Kileleshwa na unalipwa kwa siku. Tuseme eksirei imeonyesha shida ni mfupa. Kwako wewe, ni njia ipi salama?

Fikiria hivi. Ukianza na brasi kisha maisha yakukatize, pesa ziishe, kibarua kihame, mama augue kijijini, unabaki na meno yaliyosimama wima na uso unaoonekana vibaya kuliko mwanzo. Inauma. Lakini mfupa wako haujaguswa. Unaweza kurudi mwaka ujao, au kuamua kuacha kabisa.

Ukianza na upasuaji kisha maisha yakukatize mwezi wa tatu, unabaki na mifupa iliyokatwa na kufungwa kwa hesabu ya meno ambayo hayajafika. Meno yanagusana sehemu mbili tatu. Unatafuna kwa shida, na taya halina kinacholishikilia. Ule msimu wa kasi nao unapita bila kutumika. Njia yenye haraka zaidi ndiyo yenye hasara kubwa zaidi ukiiacha katikati.

Na kukatizwa hakutoki kwako pekee. Kumbuka mgomo wa madaktari wa hospitali za umma ulioanza Desemba 2016 ukaisha Machi 2017. Ulidumu siku 100. Chama chao, KMPDU, kina madaktari wa meno pia. Mwaka 2024 wakagoma tena, siku 56. Sasa chukua siku 100 uziweke juu ya ile miezi mitatu hadi minne ambayo mfupa umechangamka. Zinaumeza karibu msimu wote. Aliye katikati ya brasi za njia ya kawaida, mgomo unamchelewesha. Aliyepasuliwa wiki mbili kabla ya mgomo, unamwacha na meno yasiyokutana wakati taya linahitaji kuangaliwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Hiyo haimaanishi uikimbie hospitali ya umma. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa meno tangu 1974, na hospitali yake ya meno iko Argwings Kodhek Road, upande wa Hurlingham, ambako matatu za 46 hupita zikitoka kwetu. Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali na hapo. Ni mahali pa maana pa kuanzia kuuliza. Cha msingi ni kuuliza mapema: mgomo ukitokea, nani ataendelea kukaza brasi zangu?

Kuhusu chapaa, usikadirie kwa kusikia. Omba bei iliyoandikwa, ikitenganisha picha, upasuaji, kitanda, vibati, brasi na kliniki za kila mwezi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hivyo kile rafiki yako alicholipiwa miaka ya nyuma kisikupe jibu la leo. Uliza hospitali yenyewe SHA italipa nini na wewe utabaki na nini. Kisha weka kando pesa za kliniki za mwaka mzima kabla ya siku ya kisu. Ukiwa na za upasuaji tu, bado hujafika.

Wiki sita za uji

Kuna mambo ambayo video ya sekunde 30 haikuonyeshi. Wiki za mwanzo uso umevimba hadi ukoo mzima unashtuka. Midomo na kidevu vinaweza kufa ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa taya la chini unapita pale pale panapopasuliwa. Kwa wengi ganzi hupungua wiki kwa wiki, miezi kwa miezi. Kwa baadhi hubaki sehemu yake. Lazima ulijue hilo kabla hujaweka sahihi.

Chakula ni uji, supu, maziwa, ndizi na viazi vilivyopondwa, kwa karibu wiki sita mfupa ukishikana. Hakuna kubeba mawe ya mjengo mara moja. Hakuna mpira. Nduthi uikae mbali kadiri unavyoweza, kwa sababu ukianguka taya halina nguvu bado. Ugomvi wa baa usiuone kabisa.

Na hili la mwisho nalisema bila kuzunguka: muguka na miraa. Kutafuna masaa manne mfululizo, shavu limejaa upande mmoja, ni kazi ambayo misuli ya taya huifanya kwa nguvu zote. Ukilifanyia hivyo taya lililofungwa kwa skrubu wiki tatu zilizopita, usimlaumu daktari likisogea. Sigara nayo huchelewesha vidonda kupona. Kama huwezi kuacha hata kwa miezi kadhaa, mwambie daktari ukweli kabla ya upasuaji. Atakupangia kulingana na maisha yako halisi.

Usafi pia. Kupiga mswaki ukiwa na brasi, raba na nyuzi za mshono huhitaji maji safi na subira, baada ya kila mlo. Kwenye ploti ambako maji huja kwa mtungi, panga hilo mapema.

Kabla ya kukubali, uliza haya

Kwanza, hakikisha unayeongea naye ni daktari. Kuna watu wanaobandika brasi za fashoni vyumbani, wanazitangaza mtandaoni, na hawana leseni. Jina la daktari wa meno unaweza kulitafuta kwenye rejesta ya baraza la madaktari, KMPDC. Ukishamthibitisha, keti naye na umuulize:

1. Shida yangu ni meno au mfupa? Nionyeshe kwenye eksirei.

2. Nimemaliza kukua? Umejuaje?

3. Taya gani litasogezwa, kwenda upande gani, milimita ngapi? Msogeo huo ni wa wale wanaokaa au wanaorudi?

4. Wewe na daktari wa kupanga meno mmeshafanya pamoja kesi ngapi za kuanza na upasuaji? Kazi hii inahitaji watu wawili wanaoongea. Kama hawajawahi kuketi meza moja kuhusu meno yako, ngoja.

5. Likirudi kiasi cha kunisumbua, tutafanya nini, na nani atalipa?

6. Baada ya brasi kutolewa nitavaa nini usiku kuzuia meno yasirudi, na kwa muda gani?

Daktari mzuri hatakasirika. Atakayekasirika umeshapata jibu lako.

Kisha rudi nyumbani, chukua kalenda, uhesabu miezi 18 kuanzia siku unayotaka kupasuliwa. Weka alama kwenye siku ya kliniki kila mwezi. Tazama kama kazi yako, nauli yako na watu wa nyumbani kwenu wanaweza kuzibeba alama zote hizo, pamoja na miezi ya karo na ile mvua inayosimamisha mjengo. Kama zinabebeka, na daktari amekwambia wewe ni mtu wa kuanza na upasuaji, una kila sababu ya kutumaini taya litakaa. Kama hazibebeki mwaka huu, anza na kung'oa na kuziba yaliyooza, tibu fizi, weka akiba. Ukishamaliza kukua, shida ya mfupa haina haraka. Itakungoja hadi uwe tayari.